Baraka: Kujenga upya bila kumaliza miti ya milima ya Fizi

Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2021, kisha tena mwaka 2024, nyumba nyingi za kando ya ziwa katika mji wa Baraka, jimboni Kivu ya Kusini, ziliingiliwa na maji na nyingine zikaanguka. Wenye uwezo wanajenga tena. Lakini tukijenga kama tulivyozoea, tunajitayarishia mafuriko mengine.

Shida inaanzia kwenye tofali. Tofali bichi ni la bei nafuu na halihitaji kuni, ila maji yakilikalia linarudi kuwa tope. Ndiyo maana mwenye pesa kidogo anakimbilia tofali la kuchoma. Tanuru la kienyeji linakula kuni nyingi sana, nazo zinatoka milimani, kulekule kunakotoka makala ya kupikia. Mlima ukibaki uchi, mvua haizami tena ardhini. Inateremka na udongo, inajaza mchanga kwenye mito kama Mutambala, na mto uliojaa mchanga unatafuta njia katikati ya nyumba za watu.

Ziwa lina tabia yake nyingine. Maji yake yana njia moja tu ya kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Mvua ikizidi katika bonde lote, ziwa linapanda na linachukua miezi mingi kushuka. Kwa hiyo nyumba ya Baraka ina maadui wawili: mto unaokuja kwa ghafla na ziwa linalokuja polepole.

Msingi kabla ya rangi

Kama pesa ni kidogo, ziende kwanza chini. Msingi wa mawe na simenti unaopanda juu ya ardhi hadi magotini unazuia maji ya mvua kugusa tofali. Anayekaa kwenye nyumba ya zamani ya tofali bichi anaweza kuzungushia mawe sehemu ya chini ya ukuta, kurefusha ukingo wa paa ili mvua isipige ukuta, na kuchimba mfereji wa kupeleka maji mbali. Kandokando ya mfereji apande majani yenye mizizi mirefu ya kushika udongo. Kazi hizo hazihitaji kubomoa nyumba.

Tofali lisilokula msitu

Nchini Kenya na Tanzania, mafundi wengi wanatumia tofali la kushindiliwa: udongo uliochekechwa unachanganywa na simenti kidogo, unakandamizwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linakauka kivulini huku likimwagiwa maji. Halichomwi. Lakini nalo halitaki kusimama ndani ya maji, kwa hiyo msingi wa mawe unabaki wa lazima. Mashine ni ghali kwa mtu mmoja. Kikundi cha mafundi au chama cha akiba kinaweza kuinunua na kuikodisha.

Kwa wanaobaki na tofali la kuchoma, mradi wa PROECCO, uliofadhiliwa na Uswisi katika Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ulifundisha matanuru yanayotumia kuni kidogo au mabaki ya mashamba, na namna ya kupanga matofali kwa kuyasimamisha ubavu ili ukuta uchukue matofali machache.

Paa ni kisima

Fizi inajua kipindupindu, na wengi bado wanachota maji ziwani. Paa la mabati la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, linaweza kukusanya karibu litre 800. Kinachohitajika ni mfereji wa bati na pipa lenye kifuniko. Maji ya kwanza yanayoosha paa yamwagwe, na ya kunywa yatiwe klorini au yachemshwe. Maji yaliyoingia kwenye pipa hayachimbi msingi wa nyumba.

Kiwanja

Hata hivyo, hakuna tofali linaloshinda ziwa likiwa limeingia sebuleni. Wanaokaa ufukweni si wajinga: ni wavuvi, ni wachuuzi wa samaki, ni watu waliorudi kutoka kambi za Tanzania au waliokimbia vita vya milimani na hawakupata kiwanja kingine. Kuwaambia wahame bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuwafukuza tu.

Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali. Basi ni juu ya Serikali na wakubwa wa mji kupima viwanja mahali palipoinuka, vyenye njia ya kufika ziwani, na kuacha kutoa hati kwenye mkondo wa mto. Mwananchi atafanya yake kwa mawe, kwa mfereji na kwa mti anaoupanda badala ya ule alioukata. Kiwanja salama hawezi kujipimia mwenyewe.