Kimya cha Mwenzetu wa Kinango

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, na katika mtihani ningeweza kuieleza bila ya kusita. Walakini, msomaji mpenzi, maana yake hasa niliipata mwaka wa 2020, nilipokuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanafunzi sita ambao hawakuwa wakionana kwa macho.

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Tarehe 13 Machi mwaka huo mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini, na siku mbili baadaye Serikali ikaamuru shule na vyuo vifungwe. Sisi wanafunzi wa ualimu tulifunga virago, kila mmoja akashika njia ya kwao. Mimi nilirudi Machakos. Wengine walikuwa Kisumu, Mumias, Nakuru na Nairobi, na msichana mmoja alikwenda kwao Kinango, katika Kaunti ya Kwale. Aprili ikaingia na amri ya kuzuia watu kuingia au kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Hata aliyetaka kwenda kumtazama mwenzake hakuwa na njia.

Mhadhiri wetu wa fasihi simulizi akatupa kazi. Kila mmoja akusanye vitendawili vya kwao na kuvieleza, kisha tuviunganishe viwe insha moja yenye majina yetu sote. Alama zingekuwa za kikundi kizima. Tukafungua kundi la WhatsApp, na kwa kuwa niliwapita wenzangu kwa umri, wakaniweka mimi mwenyekiti.

Kwa muda wa wiki tatu maneno yalikuwa mengi. Mwenzetu wa Nairobi ndiye aliyekuwa hodari kupita wote. Nikiandika jambo, hapo hapo alijibu, "Sawa, mwenyekiti," au "Tuko pamoja," au akaweka kidole gumba. Msichana wa Kinango hakuandika hata neno moja. Nilimwuliza mle mle kundini, "Wa Kinango, mbona kimya?" Hakujibu. Mmoja wetu akasema, "Huyo anangoja kula jasho letu." Wengine wakamwunga mkono, nami sikumtetea.

Siku ya kupeleka kazi ikafika. Sehemu ya yule bwana wa "Tuko pamoja" haikuwa imeonekana, basi tukakesha tukimwandikia sisi wenyewe, na jina lake tukalibakiza. Jina la msichana wa Kinango nililifuta kwa mkono wangu. Nikapeleka majina matano.

Jioni ya siku ya pili simu yangu ikalia.

"Kaka, ni mimi wa Kinango. Niwie radhi, nilipotea. Kazi yangu iko tayari, imejaza daftari. Niilete vipi?"

Nilikosa la kusema. Simu yake kubwa ilikuwa imeharibika wiki ile ile aliyofika nyumbani. Kadi yake akaitia katika simu ndogo ya mama yake, ile tuiitayo mulika mwizi, isiyojua WhatsApp wala mtandao. Nambari zetu zilikuwa zimepotea pamoja na simu ile, na yangu aliipata kwa kuuliza huku na huku. Lakini nambari yake yeye haikubadilika. Ndiyo ile ile niliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza. Kama ningempigia hata siku moja, angepokea. Kwa wiki tatu watu watano tulimhukumu mwenzetu, na hakuna aliyetoa shilingi chache za kumpigia simu.

La kusikitisha zaidi ni kwamba ushahidi ulikuwa mbele ya macho yetu. Katika WhatsApp, ujumbe ukitoka huwekwa tiki moja, ukifika huwa mbili, na ukisomwa zile mbili hugeuka buluu. Katika kundi, tiki ya pili haionekani mpaka ujumbe umfikie kila mtu aliyemo. Ujumbe wangu wote wa wiki zile tatu ulibaki na tiki moja. Maana yake, kulikuwa na mtu ambaye haukumfikia kabisa. Hakuwa amenyamaza, bali hakuwa amesikia. Nami nilizitazama tiki zile kila siku nisione kitu.

Nilimwandikia mhadhiri nikakiri kosa langu. Kisha kwa jioni mbili msichana yule alinisomea daftari lake kwa simu, nami nikiandika. Alikuwa ameketi na nyanya yake, akapata vitendawili arubaini vya Kiduruma, kila kimoja na maelezo yake. Hiyo ndiyo ikawa sehemu bora ya insha yetu. Mhadhiri aliipokea na kulirudisha jina lake, lakini alitukata alama sote kwa kuchelewa. Wa Nakuru alinikasirikia, nami simlaumu, kwa maana alama zile zilikuwa zake pia na kosa lilikuwa langu.

Nilipomsimulia nyanya yangu habari hizo, aliniuliza swali moja tu: "Na hamkumtuma mtu aende akaone?" Kwetu Ukambani, watu walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana. Wagikuyu wanayo ngwatio, na Wajaluo saga. Nyanya alinieleza kwamba mwethya haukuwa na haja ya mtu kujitangaza. Jembe lako lilionekana, na jasho lako pia. Asiyefika, mtu alipita kwake kuuliza kama ni mgonjwa au amefiwa. Lawama zilikuja baadaye, kama zilistahili.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Katika kikundi cha simu majembe hayaonekani, huonekana maneno tu. Basi sisi tukamhesabu msemaji kuwa mfanyakazi, na mfanyakazi asiyesikika tukamwita mvivu.

Jambo hili halikwisha na Korona. Mwaka wa 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yake yakiwa Konza, na wanafunzi wake husomea mtandaoni. Vyuo vingine pia vimeendelea na masomo ya namna hiyo. Vijana wengi watafanya kazi pamoja na watu wasiopata kuwaona kamwe.

Kwao nina ushauri wa mtu aliyekosea. Kwanza, siku ya kuanza, andikeni nambari za simu za wote, na ya jirani au mzazi wa kila mmoja. Pili, gawanyeni kazi kwa jina na kwa tarehe, ili mtu apimwe kwa alicholeta na wala si kwa alichoahidi. Tatu, mwenzenu akinyamaza siku tatu, mpigieni simu. Asipopatikana, tafuteni jamaa yake. Ikiwa kweli ni mvivu, mtajua, na hapo mtakuwa na haki ya kumfuta.

Msichana wa Kinango sasa ni mwalimu. Nikimwandikia akachelewa kujibu, mimi humpigia.