Kiongozi cha Njia na Sauti ya Mwenzio: Uchaguzi wa Vyombo kwa Mpanda Pikipiki

Mpanda pikipiki, tofauti na mwenye gari, hana kioo cha kumkinga na mvua wala mkono wa ziada wa kushikia ramani. Kwa hiyo chombo cha kumwonyesha njia hana budi kukichagua kwa makini, asihadaike na uzuri wa sura yake.

Simu ya mkononi yatosha kwa safari nyingi, kwani hupokea ishara za satelaiti zizungukazo dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, ishara zisizohitaji intaneti. Ila ramani yenyewe yafaa ipakuliwe kabla ya kuondoka. Lakini mtetemo wa injini una madhara: mwaka 2021 kampuni ya Apple iliwatahadharisha wateja wake kwamba mtetemo huo waweza kuharibu kamera ya iPhone iliyofungwa kwenye usukani. Basi mwenye safari ndefu na atafute kifaa kilichoundwa kwa pikipiki, chenye kioo kisomekacho juani na chenye alama ya IP67, maana yake vumbi haliingii, na majini, kwa kina cha mita 1, hustahimili dakika 30.

Ama mawasiliano, kifaa cha Bluetooth cha kwenye helmeti chawatosha watu wawili. Kwa msafara mkubwa wafaa mfumo wa meshi, ambamo mmoja akiachwa nyuma, mazungumzo ya wenzake hayakatiki.

Juu ya hayo yote, ewe msomaji, weka njia yako kabla ya kuwasha injini, na sauti uipunguze hata usikie honi. Kwani chombo hununuliwa, bali uhai haununuliwi.