Mwezi mmoja, Idd mbili: tujipime kabla ya kubishana

Kila Ramadhani inapofikia ukingoni swali hurudi: tufuate mwezi ulioonekana kwetu, au habari ya popote duniani inatosha? Jambo si dogo. Kufunga siku ya Idd ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila ya udhuru ni dhambi kubwa. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufika pahala pa kununiana.

Hatukusudii hapa kutoa hukumu. Tuitazame dalili moja tu, hadithi ya Kurayb aliyoipokea Imam Muslim. Kurayb aliuona mwezi Sham usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa wao waliuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Akamuuliza: hautoshi mwandamo wa Muawiya? Akajibiwa kuwa hautoshi, ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyowaamrisha.

Imam Nawawi aliiona hadithi hii kuwa ni dalili kwamba kila nchi ina mwandamo wake, na hiyo ndiyo rai yenye nguvu kwa Mashafi, ambao ndio wengi visiwani. Shawkani akapinga: amri aliyoikusudia Ibn Abbas ni ile ya kufunga kwa kuuona mwezi, nayo inawahusu Waislamu wote, lililobaki ni ijtihadi yake. Jumhuri ya wanazuoni pia wanasema mwezi ukionekana pahala pamoja umewalazimu wote.

Sasa, unaweza kuieleza hoja ya mwenzako mpaka aseme, "Naam, ndivyo tunavyosema"? Kama huwezi, bado hujaipinga. Wengi wetu, tuseme kweli, tumeuchukua msimamo kwenye msikiti tuliokulia. Asiye mwanachuoni kuwafuata wanazuoni wake si aibu, lakini hana haki ya kumwita mwenziwe mzushi. Na wapo ambao mwandamo wanaoufuata ni ule unaoleta Idd mapema! Hao wajiulize peke yao.

Nyumbani, aliyefungua asile mbele ya waliofunga, na aliyefunga asimtoe makosa mgeni aliyekuja na mkono wa Idd. Watoto wasiulizwe wako upande wa nani. Mama akiwa amefunga, mwanawe aliyekwisha kuswali Idd amsaidie kupika futari, kisha kesho yake arudi tena kumpa mkono.

Wallahu a'alam.