Tembe, Ngome na Boma la Tabora

Tabora ilikua pale njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, tawi moja likielekea Ujiji, jingine Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu, nguo, bunduki na watu waliotiwa utumwani walipita hapo, na penye mali hiyo palihitajika kuta nene.

Tembe la Kwihara, kilomita chache nje ya mji, lilijengwa kwa kazi mbili: makazi na ghala. Kuta zake ni za udongo mnene, paa lake bapa ni la miti iliyokandikwa udongo, na vyumba vinazunguka ua wa ndani. Agosti 1871 vita ya mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu ilifika Tabora. Sehemu ya mji ikachomwa moto na mmoja wa Waarabu hao, Khamis bin Abdullah, akauawa. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa Kwihara, aliamuru kuta zitobolewe matundu ya kupenyezea mitutu ya bunduki. Ghala likageuka ngome. Mwaka uliofuata likawa mahali pa kusubiri: mvumbuzi David Livingstone alikaa humo hadi tarehe 25 Agosti 1872, akingoja wapagazi waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Leo ni makumbusho yenye jina la Livingstone, mgeni wa miezi michache, ingawa biashara yote ya njia hiyo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Hao wanastahili nafasi kubwa zaidi katika simulizi ya tembe hilo.

Mtemi Isike wa Unyanyembe, eneo la Tabora, naye alikuwa na ngome yake, ambayo Wajerumani waliokuja kutawala waliishambulia zaidi ya mara moja bila kuiteka. Januari 1893 afisa wao Tom von Prince aliivunja, na Isike akalipua ghala la baruti ili asikamatwe.

Washindi walijenga boma lao juu ya kilima, wakiutazama mji wote. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, misafara ikafifia, lakini boma halikukosa kazi. Majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yaliuteka mji tarehe 19 Septemba 1916, kisha wakaja Waingereza. Hadi zama za uhuru jengo hilo limebaki mikononi mwa wanajeshi.

Neno lenyewe ndilo lililobadilika kuliko kuta. Boma lilikuwa uzio wa kuzuia adui na simba. Chini ya Wajerumani likawa makao ya mtawala. Hata sasa, katika wilaya nyingi za Tanzania, anayekwenda ofisi za serikali husema anakwenda bomani.