Muziki wa nyuzi shuleni: Kila mtoto apewe nota zake

"MWALIMU, mbona fidla ya mwanangu haikulia?"

Swali hilo niliulizwa na mama mmoja mara baada ya sherehe ya kufunga mwaka katika shule ninayofundisha hapa Bujumbura. Mama huyo hufanya biashara ya dagaa na mawese kati ya Kigoma na Bujumbura, na siku hiyo aliuacha mzigo wake bandarini ili aje kumtazama binti yake. Alikaa mstari wa mbele. Aliuona upinde wa binti ukienda na kurudi sawa na wa wenzake, lakini kwa kuwa alikuwa karibu, alisikia pia kwamba hakuna kitu kilichotoka.

Hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia yule binti, pamoja na wenzake wanne, wapitishe upinde hewani bila kugusa uzi. Wimbo niliouchagua ulikuwa ule wa Mozart wa mwaka 1787, Eine kleine Nachtmusik, ambao wengi wameshausikia hata kama jina hawalijui. Niliuchagua kwa sababu moja tu, kwamba wageni wangeupenda. Zilipobaki wiki mbili nikaona watoto watano hawauwezi. Badala ya kubadilisha wimbo, nikawageuza watoto kuwa mapambo.

Binti yule alikuwa amerejea nchini na mama yake kutoka kambi ya Nyarugusu mwaka uliotangulia. Baada ya likizo hakurudi tena kwenye muziki. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu, akitazama chini, kwamba ana kazi nyingi nyumbani. Tangu siku hiyo, kila ninapochagua wimbo wa kundi letu, namkumbuka.

Kwa msomaji aliyeishi Zanzibar au Dar es Salaam na kuzoea taarabu, fidla si kitu kigeni. Fidla ndiyo ile ile ambayo hapa watu huiita violini. Kundi letu lina watoto 22: wengi wana fidla, wachache wana viola, ambayo ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito, watatu wana selo ya kukalia, na mmoja ana besi kubwa kuliko yeye mwenyewe. Wapo waliojifunza miaka minne na wapo wa miezi mitatu. Shule kama yetu haina watoto wa kutosha kuunda makundi mawili, hivyo wote hukaa chumba kimoja na wimbo ni mmoja. Ugumu wote uko hapo.

Do ipi, Mwalimu?

Kabla hata ya kufika kwenye uwezo wa vidole, sisi tuna tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Mimi nilisoma Katumba, Tanzania, na nota nilizijulia kwenye kwaya ya kanisani. Mwalimu wa kwaya aliandika ubaoni herufi d, r, m, f, s, l, t, na juu yake akaandika Do ni sauti gani kwa wimbo huo. Leo Do ni G, kesho Do ni F, na kwaya nzima inahama pamoja nayo. Hapa nchini, kwa mafunzo yaliyotoka kwa Wafaransa, Do haihami. Ni sauti ile ile ya kinanda, iwe Pasaka au Krismasi. Hata nota ya saba, kule ni ti na huku ni si.

Siku ya kwanza nilipowaambia wote wapige Do ya wimbo, zilitoka sauti mbili zinazogombana, na kila upande ukadhani mwingine umekosea. Nikajaribu kueleza kwamba katika wimbo huo Do ni G. Mtoto mmoja wa hapa akanyoosha mkono: "Mwalimu, lakini G ni Sol. Do inakuwaje Sol?" Darasa zima likacheka. Waliorejea ndio walionyamaza kwanza, kwa kuwa wao ndio wageni. Baadhi yao walikuwa wanasoma nota vizuri kuliko wenzao, ila walikuwa wanasoma za upande wa pili wa mpaka.

Ungedhani dawa ni kuchagua nyimbo zilizojengwa juu ya Do yenyewe, mahali ambapo mifumo yote miwili inakubaliana. Nilidhani hivyo pia. Kumbe msingi huo kwenye fidla unamtaka anayeanza akirudishe kidole cha pili nyuma karibu na cha kwanza, na kwenye uzi wa juu kabisa hata kidole cha kwanza kirudi nyuma. Kwa mtoto wa miezi mitatu hilo ni gumu mno.

Tulichofanya ni kuyaacha majina ya nota kwanza. Nyuzi tunaziita kwa majina ya huku: Sol, Re, La, Mi. Vidole tunaviita kwa namba, na uzi usiobonyezwa ni sifuri. "Uzi wa Re, kidole cha pili" hakuna anayebishana nayo, awe ametoka Kigoma au Gitega. Majina ya nota tunayafundisha polepole baadaye, na kila mtoto hujifunza yote mawili.

Tazama nyuzi kwanza

Kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza kuhusu wimbo halihusu uzuri wake. Nauliza umejengwa juu ya sauti gani. Fidla, viola, selo na besi zote zina uzi wa Re na uzi wa La. Wimbo wenye msingi wa Re unawapa wote nyuzi wazi za kuegemea, na kwenye fidla vidole hukaa kwa mpangilio ule ule kwenye nyuzi zote mbili, cha pili na cha tatu vikiwa vimegusana. Mtoto akijua mpangilio huo mmoja ana nota nane mkononi. Msingi wa Sol unafuata kwa urahisi.

Nyimbo za kwaya ambazo wazazi hutuomba mara nyingi haziko hapo. Vitabu vya kanisani vimejaa misingi iliyoshushwa nusu hatua, kama Mi na La za kushushwa, ambayo inawafaa waimbaji na kinanda lakini inawatesa watoto wa nyuzi. Dawa yake ni rahisi. Wimbo ulioandikwa kwenye Mi ya kushushwa ninauteremsha nusu hatua nyingine uwe kwenye Re. Kwaya ikiimba nasi huwa haitambui kabisa, isipokuwa sauti ya besi, ambayo hulalamika siku zote.

Swali la pili ni la upinde, na hapa walimu wengi, mimi nikiwamo, tulidanganyika. Tulidhani nota ndefu za taratibu ndizo rahisi, hivyo wanaoanza tukawapa nota za kuvuta mapigo manne. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kuuvuta upinde kwa mapigo manne. Unatetemeka katikati na kumwishia kabla ya mwisho. Nota ya pigo moja moja, inayorudiwa kwenye uzi wazi, ndiyo anayoiweza. Kudonoa uzi kwa kidole bila upinde nako kunafaa kwa wiki za mwanzo, mradi wimbo usikimbie.

Sauti ya tatu si ya kujazia

Swali la tatu ndilo zito: je, sauti ya yule dhaifu ikiondolewa, wimbo utapungukiwa? Ukiona haupungukiwi na lolote, basi umemtafutia mtoto mahali pa kukaa tu, na yeye atalijua hilo kabla yako.

Waliowahi kulitatua hili wapo. Gustav Holst, mtunzi wa Kiingereza, alifundisha shule ya wasichana ya St Paul's mjini London kuanzia mwaka 1905 hadi alipofariki mwaka 1934. Aliiandikia bendi ya shule hiyo muziki wa nyuzi, na mwaka 1933 akawaandikia wadogo wao kazi nyepesi zaidi, Brook Green Suite. Benjamin Britten alikwenda mbali zaidi. Katika Noye's Fludde, mchezo wa gharika ya Nuhu uliochezwa mara ya kwanza kanisani Orford mwaka 1958, fidla za watoto amezigawa sauti tatu: ya kwanza kwa wanaojiweza, ya pili kwa wasiohamisha mkono kutoka nafasi ya mwanzo, na ya tatu kwa wanaoanza, ambao kwa sehemu ndefu hupiga nyuzi wazi tu.

Kazi hizo hatuna uwezo wa kuzicheza zote, lakini njia yake tumeichukua. Wimbo uliotufaa kuliko yote ni Canon ya Johann Pachelbel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1706. Uko kwenye Re. Fidla tatu zinapiga muziki ule ule zikifuatana, moja nyuma ya nyingine, na unaanza taratibu kisha unakuwa mgumu, hivyo wakubwa wanapata jasho lao. Chini yake kuna nota nane tu zinazorudiwa mara 28: Re, La, Si, Fa ya kupandishwa, Sol, Re, Sol, La. Ukizipanga vizuri, kwenye fidla na kwenye selo pia, sita kati ya hizo nane ni nyuzi wazi. Mtoto anahitaji vidole viwili, basi. Na bila nota hizo nane wale wakubwa hawana pa kusimama. Msichana wetu anayeongoza fidla alilijua hilo siku wadogo walipopotea kwenye mzunguko wa 11 na yeye akaanguka nao.

Kuhusu nyimbo zetu wenyewe, Bartók wa Hungaria alitunga mwaka 1931 vipande 44 vya fidla mbili, karibu vyote vimetokana na nyimbo za vijijini, vimepangwa kuanzia rahisi hadi vigumu. Nasi tuna indingidi, fidla ya uzi mmoja ambayo wazee waliipigia habari ndefu kwa nota chache. Nyimbo za namna hiyo zinakaa vizuri kwenye vidole. Tahadhari ni kwamba mapigo yake ni rahisi kwa mtoto aliyezisikia nyumbani, ila yule aliyezaliwa kambini, ambaye masikio yake yamejaa kwaya za Kigoma na bongo fleva, anayaona magumu kuliko Mozart. Ndiyo maana kila muhula nachukua wimbo mmoja wa huku na mmoja wa kule. Kila upande unakuwa mwalimu kwa wimbo mmoja.

Wazazi wengine hawaridhiki. Baba mmoja aliniambia kwamba huko Kinshasa okestra ya Wakimbanguiste, iliyoanzishwa mwaka 1994, inapiga Beethoven, sasa kwa nini mwanawe anapiga nota nane? Nilimwambia wale ni watu wazima waliokusanyika kufanya mazoezi miaka na miaka, ilhali mimi nina saa mbili kwa wiki. Hakuridhika. Simlaumu, amelipia fidla.

Kwa wanaoleta fidla kutoka ng'ambo

Nina neno kwa wafanyabiashara, maana wazazi hutuma kwao. Fidla zina saizi: kamili, robo tatu, nusu, na ndogo zaidi. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto chini ya shingo ya fidla, na kile kichwa kilichojikunja kiingie kiganjani pake bila kujivuta. Nimeshaletewa fidla kamili ya mtoto wa miaka minane kwa hoja kwamba "atakua nayo", kana kwamba ni sare ya shule. Kwa fidla hiyo hakuna wimbo nitakaoweza kumchagulia, kwani vidole havifiki. Mkipata nafasi, leteni uzi mwembamba wa Mi wa akiba, ndio unaokatika zaidi. Vigingi vikiteleza kwa hewa kavu ya kiangazi, chaki ya ubaoni inatosha.

Yule binti, kama nilivyosema, hakurudi. Lakini mwaka uliofuata mama yake alinijia na mdogo wake wa kiume, ameshika fidla ile ile. "Huyu mpe nota zake, Mwalimu," alisema, "hata zikiwa mbili."

Nimempa nane za Pachelbel. Hujichanganya katika kuhesabu, kwa hiyo huja na maharage 28 mfukoni na kuyapanga kwenye kiti, na rafiki yake huondoa moja kila mzunguko unapoisha. Juzi yalibaki matatu, wimbo ukiwa umeshakwisha. Sherehe ni mwezi ujao na kiti cha mama nimekiweka mstari wa mbele, pale pale.