Je, Wajua? Bandari ya Mapadri wa Kifaransa Iko Njia ya Bunju

Mkazi wa Kinondoni anayetamani mji wa kale wa bandari wenye mkono wa Mfaransa hahitaji viza. Apande basi la Bagamoyo pale Makumbusho, apite Tegeta, Bunju na Mapinga. (Wa Temeke aamke mapema zaidi, foleni haina huruma.)

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu kutoka Ufaransa walivuka kutoka Zanzibar hadi Bagamoyo, wakajenga misheni na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Februari 1874 mwili wa David Livingstone, uliobebwa kwa miguu kutoka bara, ulilazwa kanisani kwao kabla ya kusafirishwa Uingereza.

Mimi lakini huendea mbuyu ulio pale misheni. Husimuliwa kwamba Madame Chevalier, aliyehudumia wagonjwa misheni, alikuwa akimfunga punda wake hapo kwa mnyororo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa, ukaumeza. Leo kipande kifupi tu cha chuma chenye kutu kinachungulia kwenye gome. Kiguse, kisha shuka sokoni ufukweni ukatafute pweza wa kukaanga.