Sarafu ya Dhahabu ndani ya Sufuria Nyekundu

Katika jimbo la Illinois nchini Marekani, kiasi cha kilomita 75 kaskazini-magharibi ya Chicago, upo mji mdogo uitwao Crystal Lake, wenye wakazi wapatao 40,000. Jina hilo ni la ziwa lililopo hapo, ambalo maji yake huganda wakati wa baridi. Katika karne ya 19, kabla ya majokofu kuenea, barafu ya ziwa hilo ilikatwa vipande, ikapakiwa kwenye treni na kwenda kuuzwa Chicago. Mwezi wa Disemba, wakati sisi hapa Tanga tunapepewa na kaskazi na kutafuta kivuli cha mwembe, wakazi wa huko huvaa makoti mazito na kukoroga theluji kwa viatu. Maduka hupambwa kwa taa, na katikati ya mji hufanyika maandamano ya taa mara tu baada ya Siku ya Shukrani, ambayo Wamarekani huiadhimisha mwishoni mwa Novemba.

Krismasi si sikukuu yetu, na hatuandiki makala haya ili kuwaalika wasomaji wetu katika shamrashamra zake. Lakini katika msimu kama huo, mwaka 1982, lilitokea katika mji huo jambo dogo ambalo kila tunapokaa katika kamati ya msikiti kuzungumzia michango hutujia akilini. Mtu asiyejulikana alitumbukiza sarafu ya dhahabu ndani ya sufuria ya kukusanyia sadaka, akaenda zake.

Sufuria hiyo ina historia. Jeshi la Wokovu, dhehebu la Kikristo lililoanzishwa London mwaka 1865 na William Booth na mkewe Catherine, na ambalo lipo hapa Tanzania tangu mwaka 1933, lilikuwa na afisa wake katika mji wa San Francisco aliyeitwa Joseph McFee. Mwaka 1891 McFee alitaka kuwalisha maskini 1,000 siku ya Krismasi, naye hakuwa na fedha. Akakumbuka kwamba zamani za ubaharia wake, katika bandari ya Liverpool, aliona chungu kikubwa ambamo abiria waliotelemka merikebuni walitupia sarafu kwa ajili ya mafukara. Akatafuta sufuria, akaiweka mahali pa kivuko ambapo watu walipita kwa maelfu, na chakula kikapatikana. Tangu hapo desturi ikaenea nchi nzima. Kuanzia Novemba hadi mkesha wa Krismasi, nje ya milango ya maduka hutundikwa sufuria nyekundu juu ya stendi ya miguu mitatu, na mtu husimama kando yake katika baridi akipiga kengele.

Tunaomba msomaji aangalie namna chombo hicho kilivyotengenezwa. Kina mfuniko wenye ufa mwembamba. Mpita njia hutumbukiza alichonacho bila kuandika jina wala kuulizwa anatoka wapi, na yule mpiga kengele humshukuru mwenye senti kumi kama anavyomshukuru mwenye noti. Ndipo inapofika saa ya kuhesabu, miongoni mwa sarafu za shaba na nikeli, huonekana kitu kinachong'aa. Mara nyingine sarafu ya dhahabu hukutwa imeviringishwa ndani ya noti iliyokunjwa, ili isionekane inapotumbukizwa.

Miongoni mwa sarafu zilizopatikana kwa njia hiyo katika miaka iliyofuata ni Krugerrand, inayotengenezwa Afrika Kusini tangu mwaka 1967 na ambayo ndani yake mna wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na ushei. Nisabu ya Zaka ya dhahabu kwetu ni gramu 85. Maana yake, mwenye sarafu tatu kama hizo, zikakaa kwake mwaka mzima, amekwisha kuingia katika hesabu ya matajiri wanaopaswa kutoa sehemu moja ya arobaini. Na huyu alitoa sarafu nzima.

Habari ilipoandikwa magazetini, mji mwingine ukapata sarafu yake, kisha mwingine, na hadi leo ni jambo la kutazamiwa kila mwaka. Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa kuwa mjadala wetu wa Kiislamu kuhusu sadaka ya siri na sadaka ya dhahiri mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni lazima tuchague moja na kuitupa nyingine.

Kila aliyepita chuoni anaijua aya ya 271 ya Suratul Baqara. Inasema kwamba kudhihirisha sadaka ni vizuri, na kuificha ukawapa mafukara ni bora zaidi. Aya ya 274 ya sura hiyo hiyo inawasifu wanaotoa usiku na mchana, kwa siri na kwa dhahiri. Na katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, miongoni mwa watu saba watakaopata kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyokuwa na kivuli ila chake, yumo mtu aliyeficha sadaka yake hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia. Hayo ni upande mmoja.

Upande wa pili ipo Hadithi ya Jarir bin Abdillah katika Sahihi Muslim. Walikuja Madina watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, wamejifunika nguo za sufu zilizochanika. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika kwa kuwaona. Akamwamrisha Bilali aadhini, akasalisha, kisha akawahutubia watu. Akaja mtu katika Ansari na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, mbele ya wote. Watu wakamfuata mmoja baada ya mwingine, hata yakawa marundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Hapo ndipo aliposema juu ya mwenye kuanzisha mwendo mwema, kwamba ana malipo yake na mfano wa malipo ya watakaoufuata.

Wazee wetu katika kamati huishika Hadithi hii ya pili, na hoja yao ina uzito. Husema kwamba majina yakisomwa kwa kipaza sauti baada ya sala ya Ijumaa, mabati ya madrasa hupatikana katika wiki tatu. Yasiposomwa, hupita miezi. Sisi tunaoandika daftari la michango tunathibitisha kwamba wanasema kweli.

Lakini yapo mambo mawili ambayo kipaza sauti hakiyatofautishi. Kuna kutaja mali iliyotolewa kwa ajili ya ukuta, na kuna kumtaja mtu aliyepewa. Ukuta hauoni haya. Mwaka jana, katika mwezi wa Ramadhani, walikuja mtaani kwetu wafadhili wenye lori la unga, mchele, tende na mafuta, na pamoja nalo bango refu na mpiga picha. Kila mjane alipokea mfuko wake akiwa amesimama mbele ya bango. Mama mmoja mwenye watoto wanne aliuangalia mstari ule kwa mbali, akageuka na kurudi kwake mikono mitupu. Alipofuatwa baadaye na dada wa kamati ya akina mama, alisema mwanawe mkubwa yuko sekondari, na picha zikiingia kwenye simu za wenzake hatarudi tena shuleni. Futari yake siku hiyo ilikuwa uji.

Aya ya 273 inamzungumzia mama huyu. Inawataja mafukara ambao asiyewajua huwadhania ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, wasiowang'ang'ania watu kwa kuomba. Watu wa namna hii hawasimami mstarini. Mgao unaofanywa mbele ya kamera huwapita hao kwanza, na kuwafikia wale tu ambao shida imekwisha kuwaondolea haya. Na aya ya 264 inaonya kwamba sadaka hubatilika kwa masimango na maudhi. Hatudhani kwamba mwenye kutoa picha hizo alikusudia maudhi. Alitaka ushahidi wa kuwapelekea waliomtuma, nao wana haki ya kujua fedha yao imekwenda wapi. Tatizo ni kwamba ushahidi ulidaiwa kutoka katika uso wa mama maskini, wakati mahali pake ni katika daftari.

Waislamu wa kale walilijua hili. Ali bin Husein, Zainul Abidin, mjukuu wa Sayyidna Ali, alikuwa akibeba unga mgongoni usiku katika vichochoro vya Madina na kuuacha milangoni. Watu waliishi kwa chakula hicho bila kujua kinatoka wapi. Alipofariki, mwishoni mwa karne ya kwanza ya Hijiria, chakula kikakatika, na waliomwosha wakaona alama mgongoni mwake. Huko Istanbul, zama za Waothmani, zilisimamishwa nguzo za mawe zenye shimo juu yake. Mwenye nacho aliingiza mkono akaacha fedha, mwenye shida akaja gizani akaingiza mkono akachukua haja yake, na anayetazama kwa mbali hakuweza kujua ni yupi aliyetoa na ni yupi aliyechukua. Mojawapo ya nguzo hizo bado ipo Üsküdar.

Turudi kwa sarafu ya Crystal Lake. Aliyeitoa alipata mambo mawili kwa mara moja. Mkono wake haukujulikana, lakini tendo lake lilijulikana, na waliolisikia wakaiga kama Ansari walivyomwiga mwenye mfuko. Na lilijulikana kwa sababu waliohesabu walikuwa waaminifu: walifungua sufuria, wakaikuta dhahabu, wakasema tumekuta dhahabu. Kama mmoja wao angeitia mfukoni, nani angejua? Mtoaji asingeweza hata kudai. Sadaka ya siri humtaka mpokezi awe mwaminifu kuliko sadaka ya dhahiri, na sisi makatibu na waweka hazina hatupendi sana kukumbushwa hilo.

Kwa hiyo, katika kikao cha kamati cha mwezi uliopita, baada ya mabishano ambayo hayakuwa mafupi, tulikubaliana hivi. Michango ya ujenzi itaendelea kutangazwa kwa wanaotaka kutajwa, na asiyetaka ataandikwa katika daftari kuwa ni mja wa Mwenyezi Mungu. Kwa mafukara kutakuwa na sanduku la mbao lenye makufuli mawili, funguo moja kwa imamu na nyingine kwa mama mwenyekiti wa akina mama, na litafunguliwa kila Alhamisi baada ya Alasiri mbele ya watu watatu. Jumla itabandikwa ubaoni Ijumaa: kilichoingia, kilichotoka, na idadi ya nyumba zilizofikiwa. Majina ya nyumba hizo hayatabandikwa. Orodha itashikwa na watu wawili tu, na mzigo utapelekwa baada ya Isha. Mfadhili kutoka nje atapewa risiti, hesabu na mihuri yote anayoitaka, ila picha ya nyuso hatapewa, hata ikibidi lori lake ligeuze.

Mjumbe mmoja aliuliza itakuwaje kwa wanaotuma kwa simu, kwa kuwa jina la mtumaji hutokea kwenye ujumbe. Ni kweli, mweka hazina huliona. Ameahidi kulinyamazia, na anayeona hata hilo ni wazi mno analijua sanduku lilipo: kushoto mwa mlango wa akina mama, karibu na birika la kutawadhia, ambapo taa iliungua tangu Rajabu na kamati imeamua kutoweka nyingine.